Jina Kwenye Safu ya Mwisho

Nina ugonjwa mmoja, nitausema mapema ili asiyeuweza aondoke: silipendi neno "inafanana." Fundi akiniambia transista hii inafanana na ile, damu inanichemka. Hata mbuzi na swala wanafanana, lakini hebu jaribu kumkamua swala.

Mwaka ule wa tisini na tano nilikuwa karani wa daftari la mafundi wa radio. Usicheke. Kazi hiyo haikuwahi kuwapo Bariadi kabla yangu, na niliipata kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na kazi nyingine. Miaka tisa nilikuwa nikichapa barua kwenye ofisi ya ushirika, mpaka walipotupunguza watu kumi na wanne kwa siku moja, soda na biskuti mkononi, kwaheri Felisita. Fundi Athanasi, mwenye banda nyuma ya stendi, ndiye aliyeniokota. Alinikuta namgombeza mtu wa posta kwa kuandika jina la baba yangu vibaya, akasema, "Mtu mkali hivi kwa herufi moja, ndiye ninayemtafuta."

Shida ya mafundi ilikuwa hivi. Zamani za duka la serikali kulikuwa na radio za aina mbili tatu tu, na fundi alizijua matumbo yake kama anavyojua njia ya kisimani. Ikaja ruksa ya biashara. Zikaingia radio kaseti za Dubai, za Taiwani, za sijui wapi, zenye taa zinazochezacheza na spika mbili kama masikio ya punda. Wakulima wakiuza pamba tu, wanakwenda kununua. Baada ya miezi minne wanazileta zimenyamaza. Fundi akifungua, anakuta ndani namba ambazo hajaziona tangu azaliwe, na zile namba za zamani alizozizoea haziuzwi tena popote.

Basi kila fundi akawa anabuni. Fundi wa Sapiwi akigundua kwamba transista fulani inaweza kukaa mahali pa nyingine, anamwambia mwenzake mnadani, naye anamwambia wa Sola, naye anamwambia shemeji yake. Habari ikifika mwisho wa safari, imeshabadilika mpaka mama yake haitambui. Nikiwauliza wamepata wapi, wananijibu, "Lisemwalo lipo." Kwenye mambo ya watu, sawa. Kwenye transista, lisemwalo lisipojaribiwa linaunguza.

Mabenchi manane yakakubaliana kuwa na daftari moja. Nikanunua kaunta buku la kwaya tatu za karatasi, jalada jeusi, nikalichora kwa rula. Safu ya kwanza, namba ya kipuri. Ya pili, kinachoweza kukaa badala yake. Ya tatu, pakiti ilitoka wapi na miguu imekaaje, kwa maana namba moja ikitengenezwa na watu wawili, mmoja anaweza kuupanga mguu kushoto na mwingine kulia. Ya nne, jina la fundi aliyekijaribu kwa mkono wake. Na ukurasa wa kwanza nikaandika sheria yangu kwa wino mwekundu: MSTARI USIO NA JINA NI UVUMI.

Niliitunza kazi ile kama mtoto. Fundi akija na habari, simwandiki mpaka nimemhoji. Pakiti uliinunua wapi? Uliijaribu kwenye radio gani? Iliimba siku ngapi? Wengine walininunia. Fundi mmoja wa Sola alisema ni afadhali kuhojiwa na polisi, kwa maana polisi wanachoka. Lakini kila Jumamosi nilinakili yaliyobadilika kwa karatasi ya kaboni, nikawapa makondakta wa mabasi bahasha, na kila benchi likapata habari mpya. Mwanzoni mwa kila mwezi, Marcelo, mnunuzi wetu, alipanda basi la Mwanza na orodha iliyotoka kwenye daftari langu, akarudi na mfuko wa vipuri vya watu wote. Alikuwa hajui kutofautisha transista na kisoda, Marcelo yule, lakini alijua kusoma, na mimi nilijua kuandika. Mambo yakaenda.

Sasa nije kwenye lililonipata.

Fundi bora kuliko wote alikuwa akikaa Lamadi, pale barabara kuu inapopita. Alijifunza kazi jeshini, na vipuri vyake alivinunua kwa madereva wanaotoka mpakani, kwa hiyo aliona kila kitu kipya kabla yetu. Jina lake sitaliandika sasa hivi. Utaona kwa nini.

Fundi huyo alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Josia, mpima pamba wa kampuni moja kati ya zile za watu binafsi zilizoingia msimu ule. Josia ndiye aliyekuwa akiniletea karatasi za baba yake, kwa kuwa alikuwa akipita Bariadi kila wiki. Mara ya kwanza alileta karatasi. Mara ya pili alileta karatasi na samaki. Mara ya tatu karatasi aliisahau. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilishaambiwa na nusu ya ukoo kwamba ukali wangu umefukuza waume wote kutoka hapa mpaka Maswa, lakini Josia alikuwa akinisikiliza nikifoka kama mtu anayesikiliza muziki. Nikampenda. Naandika bila haya, nilimpenda sana.

Mambo yalipokuwa ya kweli, shangazi yangu Nyanjige akaniita ndani.

"Nyumba ile inashika mila," akasema. "Sio kama sisi tuliozoea mjini. Baba mkwe humpi mkono. Humkazii macho. Humhoji. Na jina lake hulitamki."

"Hata kabla ya ng'ombe wa mahari?"

"Hasa kabla ya ng'ombe. Ndipo wanapokuangalia."

"Na kuliandika, shangazi?"

Akafikiri kidogo. "Mdomo na mkono ni ndugu," akasema.

Unaliona tatizo. Nusu ya mistari mizuri ya daftari langu ilitoka kwa mtu ambaye sasa siruhusiwi kumwandika wala kumhoji. Kuandika "baba mkwe" sikuweza, kwa maana ng'ombe walikuwa hawajazungumzwa, na ningeonekana nimejioza mwenyewe mbele ya mabenchi manane. Kuandika "Lamadi" nako hakukusaidia, Lamadi kulikuwa na mabenchi matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa hayasalimiani. Nikafanya jambo ambalo angelifanya fundi mwingine ningemrarua. Kwenye safu ya jina, kila mstari uliotoka kwake, nikaweka alama ya vema. Vema tu, kama mwalimu anavyosahihisha. Nilijiambia ni ya muda. Na yale maswali yangu ya pakiti gani na radio gani nikayameza. Karatasi ikija, nanakili kama ilivyo, namshukuru Josia, nakaa kimya kama mkwe mwema.

Miezi mitano. Mistari thelathini na minne.

Nisichokijua wakati ule ni jinsi mafundi walivyoisoma alama ile. Jina la kila mtu walilijua thamani yake: huyu ni mwangalifu, yule ana haraka, huyu mjaribie tena. Lakini vema? Walijua Felisita havumilii uvumi. Basi kama Felisita ameweka vema, wakasema, maana yake mabenchi yote yameshajaribu na wote wamekubali. Mistari iliyohojiwa kidogo kuliko yote ikawa ndiyo inayoaminiwa kuliko yote. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia yeyote.

Mwisho wa Juni amplifaya ya kwaya ya parokia ilinyamaza. Athanasi akaifungua, akakuta transista imekufa ya namba isiyopatikana, akafungua daftari, akaenda mstari wa kumi na saba: weka C945, igeuze mgongo. Pembeni, vema. Akaweka, akaigeuza mgongo, akafunga. Hata hakuijaribu kwa muda mrefu. Kwa nini ajaribu? Vema ipo.

Jumapili kanisa limejaa, watu wametoka hata vijiji vya mbali kwa sababu ya ubatizo. Padri akapanda, akashika kipaza sauti, akasema, "Bwana awe nanyi." Amplifaya ikajibu kabla ya waumini. Ilitoa mlio mmoja wa mbuzi aliyekanyagwa, kisha moshi, moshi mweupe mzuri ukapanda mpaka kwenye picha ya Mtakatifu Yosefu. Bibi mmoja wa mbele akapiga magoti akidhani ni ubani. Kwaya ikacheka mpaka ikashindwa kuimba, na watoto waliobatizwa siku ile mpaka leo wanaitwa watoto wa moshi.

Mimi sikucheka. Mimi nilimwona Athanasi, ameketi upande wa wanaume katika shati lake la Jumapili, akigeuka polepole kunitafuta kwa macho.

Jumatatu nilikuwa bandani kwake mapema. Alikuwa ameshaitoa ile transista. "Mstari wa kumi na saba," akasema. "Na juzi Sapiwi wameunguza radio mbili kwa mstari huohuo. Nani kasema igeuzwe mgongo?"

Nikachukua moja mpya kutoka kwenye pakiti yake, ya Mwanza, nikampa aipime miguu kwa mita. Haikuhitaji kugeuzwa. Ilikuwa imekaa sawa kabisa. Nikaelewa palepale. Za Lamadi, za madereva wa mpakani, miguu yake imekaa kinyume. Za Mwanza zimekaa hivi. Namba moja, watengenezaji wawili. Baba mkwe hakukosea hata kidogo. Kwenye pakiti yake, kugeuza mgongo ndiyo sahihi. Kosa lilikuwa langu: sikumhoji pakiti imetoka wapi, na sikuweka jina ambalo lingemfanya kila fundi aseme, aa, huyu ni wa barabara kuu, ngoja kwanza nipime.

"Nani kasema?" Athanasi akarudia.

"Nitakwambia," nikasema, nikaondoka. Mimi, Felisita, nikakimbia swali.

Athanasi hakuwa mtu wa kubembeleza. Akawaandikia wote waje Jumapili inayofuata, baada ya misa. Akaniambia wazi: "Sheria umeiandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Jumapili uwataje wenye hizo vema. Vema isiyo na jina tunaifuta, na Marcelo Jumatatu anakwenda Mwanza na kilichobaki. Na kama zote ni uvumi, basi dada yangu, daftari tunalifunga, kila mtu arudi kwenye kichwa chake."

Mistari thelathini na minne. Bila hiyo daftari lingekuwa ng'ombe aliyekatwa kiwele.

Na Jumapili ileile, saa tisa, wazee wa Josia walikuwa wanakuja nyumbani kwetu kuzungumza ng'ombe.

Nilimfuata Josia kule Sapiwi, kwenye kituo cha pamba. Alikuwa juu ya mizani, mavumbi na nyuzi nyeupe kichwani kama babu. Nikamweleza yote. Akacheka, halafu akaona uso wangu akaacha.

"Nitamwambia mzee ajitaje mwenyewe," akasema.

"Utamwona lini?"

"Mpaka Jumapili mchana. Kituo sikiachi, watu wamepanga foleni tangu juzi." Akajikuna. "Lakini Felisita, usimtaje. Nakuomba. Mjomba wangu mmoja atakuwapo, yule anayetafuta sababu. Alishasema mwanamke mwenye hasira na elimu ataiharibu nyumba. Ukimtaja mzee mbele ya watu, tena kwa habari ya moshi, siku ya ng'ombe…"

Mkulima mmoja akamwita, akarudi kwenye mizani.

Wiki ile sikula vizuri. Shangazi Nyanjige alinipikia michembe, vile viazi vitamu vikavu, akaona sahani inarudi nusu, akasema, "Mficha uchi hazai. Una nini?" Nikamwambia. Akasema yeye anajua mila, hajui transista, na kwamba hajawahi kusikia vitu hivyo viwili vikikutana katika nyumba moja. Huo ndio ushauri niliopata.

Jumapili banda la Athanasi lilijaa. Mafundi sita walikuwa wameshafika, wamekalia viti, ndoo na mabetri mabovu. Marcelo alikuwa kwenye mlango na orodha tupu na kalamu sikioni. Ndipo wa saba akaingia, yule wa Lamadi, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi kwa ajili ya ng'ombe, kofia mkononi. Wote wakamwamkia kwa heshima, mwadila baba, mwadila. Akaitikia, akaketi nyuma kabisa, juu ya sanduku la spika. Mimi nikainamisha kichwa, nikajisogeza pembeni ya kabati kama inavyotakiwa. Josia alikuwa hajafika. Basi lake, nilikuja kujua, lilipasuka gurudumu.

Athanasi akasimulia habari ya moshi. Alisimulia vizuri, mpaka sauti ya mbuzi aliitoa, na banda likaangua kicheko. Nikamsikia na yule wa nyuma akicheka. Halafu Athanasi akalifungua daftari kwenye mstari wa kumi na saba, akaliweka mezani mbele yangu.

"Nani?"

Nikaikazia macho rula yangu pale mezani.

"Sema tu, Felisita, hatumli mtu," akasema fundi wa Sola.

"Kama hawezi kusema, anyooshe kidole," akasema Marcelo.

Kunyoosha kidole! Kumnyooshea baba mkwe kidole! Marcelo alikuwa na nia njema, lakini nilitamani kumpiga na lile daftari.

"Tuzifute," akasema wa Sapiwi. "Uvumi ni uvumi. Mimi nimelipwa matusi kwa radio mbili." Akachukua rula ya mezani na kalamu, akaanza kwenye vema ya kwanza, mstari wa tatu. Nilimwona akiipanga rula. Mstari wa tatu ulikuwa mzuri. Ulikuwa umeponya radio kumi na tano, mimi nazijua. Ulikuwa haujaunguza chochote. Na ulikuwa unakufa kwa sababu mimi nataka kuolewa.

Hasira ikanipanda, na safari hii ilikuwa hasira yangu juu yangu mwenyewe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote.

"Weka chini rula yangu," nikasema.

Nikalivuta daftari. Mwandiko wangu mzuri ukaenda upande kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye safu ya mwisho, mstari wa kumi na saba, juu ya alama ya vema, nikaandika herufi moja moja, J, I, L, A, L, A. Halafu, kwa kuwa niliona nimeshaingia maji, nikaona nivuke kabisa, nikalisoma kwa sauti ili na Marcelo asikie.

"Jilala. Fundi Jilala wa Lamadi. Na hakukosea. Pakiti yake ni ya mpakani, miguu yake iko kinyume na ya Mwanza. Mimi ndiye niliyekosea. Sikumhoji, na sikuandika jina lake, kwa sababu…" Nikaweka kalamu chini. "Kwa sababu ni jina ambalo sitakiwi kulitaja."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wote ni Wasukuma, wote walielewa mara moja, hata Marcelo. Fundi wa Sapiwi akaiweka rula chini taratibu kama kitu cha moto. Wote wakageuka kumtazama aliyeketi juu ya sanduku la spika, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa natazama sakafu, nikiona matone ya risasi ya kulehemu yaliyogandia pale, nikisema moyoni, basi, Josia, basi.

Mzee Jilala akasimama. Nikasikia viatu vyake vikija mpaka mezani.

"Tangu Athanasi alipoanza kulia kama mbuzi," akasema, "nilijua mstari ni wangu."

"Sasa mbona ulinyamaza, mzee?" Athanasi akauliza.

"Ningesema mimi, huyu angenishukuru, na kesho angeendelea kuniwekea vema. Nilitaka nione mwanangu anaoa karani au anaoa bubu." Akavuta stuli, akaketi mbele yangu, meza katikati. "Miezi mitano hakuna mtu aliyekuja kuniuliza kitu. Nikasema labda nimezeeka, kazi yangu haisomwi. Kumbe inasomwa, ila haijulikani ni ya nani. Unajua inavyouma?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilidhani namheshimu, kumbe nilikuwa nimemfuta.

"Nisamehe, baba," nikasema kwa sakafu.

"Sikiliza, ng'wanone, mwanangu." Akaligonga lile jalada jeusi kwa kidole. "Wewe ni mkwe wangu. Nyumbani hutaniita jina, na ukiniita utalipa kuku, na nitamla. Lakini hili daftari sijalitolea ng'ombe. Hili si mkwe wangu. Hili liniite Jilala."

Banda likalipuka. Fundi wa Sola alipiga ndoo aliyoikalia, Athanasi akajifuta macho kwa kitambaa cha kusafishia mafuta akabaki na mstari mweusi usoni, na Marcelo akaanza kushangilia kana kwamba yeye ndiye anayeolewa. Mimi nililia. Nililia kwa furaha na kwa aibu pamoja, kamasi na kila kitu, na sijali nani aliona.

Hapo ndipo shangazi Nyanjige alipochungulia mlangoni, kitenge chake kipya, jasho usoni. "Wazee wameshakaa," akasema. "Yule mjomba anauliza kama bwana mkubwa amebadili mawazo. Ng'ombe wanasubiri kuzungumzwa."

"Waambie wasubiri," mzee akasema bila kugeuka. "Ng'ombe miguu yake inajulikana iko wapi." Akavaa miwani, akalisogeza daftari katikati yetu. "Mistari thelathini na minne. Marcelo anaondoka asubuhi. Haya, nihoji."

"Mimi?"

"Nimesikia unahoji kuliko polisi. Au ni watu wa Sola tu wanaohojiwa?"

Nikafuta uso, nikatupa macho kwenye mstari wa tatu, nikauliza. Pakiti ya wapi? Akajibu. Radio gani? Akajibu. Mwanzoni nilikuwa nauliza kwa sauti ya kanisani. Mstari wa tisa sauti yangu ikarudi. Mstari wa kumi na mbili nikamwambia "siku kadhaa" si idadi, na akasema samahani, siku sita. Kila mstari nikaandika jina lake, na mwandiko ukanyooka. Wale mafundi hawakuondoka hata mmoja. Wa kumi na saba nikaugawa mara mbili, pakiti ya mpakani geuza, pakiti ya Mwanza usigeuze, na Marcelo akaandika kwenye orodha yake.

Tukafika wa kumi na nane. Ulikuwa mstari mzuri, mrefu, wa kipuri ambacho kila benchi lilikuwa likikihitaji. Niliusoma, nikanusa uvumi. Nikainua kichwa, nikamtazama baba mkwe wangu machoni kwa mara ya kwanza.

"Baba, hii uliijaribu kwa mkono wako, au uliambiwa?"

Akavua miwani. Akaipangusa kwa ncha ya koti.

"Niliambiwa," akasema.

Nikachukua rula, nikaukata.